Jicho la Kisogoni

Habari kwamba ananyang'anywa pikapu ilimfikia Mama Viti ikitokea saluni, na habari za saluni hufika zikiwa zimeshachanwa na kusukwa. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, alikuwa ameinamisha kichwa anasukwa, akamwambia msusi kwamba kuanzia wiki ijayo gari la mama litabeba kreti za soda za duka la mumewe, maana mama mwenyewe shingo imekataa. Msusi akamwambia jirani. Jirani akaja kwa Mama Viti kuomba chumvi ambayo kwake ilikuwa imejaa kopo. Kabla nywele za mkwe hazijamalizwa upande wa pili, mwenye gari alikuwa anajua kila kitu, na chumvi alikuwa ametoa.

Jina la Mama Viti hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu hakukuwa na harusi, msiba wala kikao ambacho hakukipelekea viti. Viti vyenyewe vya plastiki, vilinunuliwa vikiwa vyeupe na sasa vina rangi ya chai ya maziwa. Nusu ya watu wa mtaa ule wazazi wao walichumbiana wakiwa wamevikalia. Mwanawe mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Mkubwa, alisomeshwa na viti hivyo, akaoa juu ya viti hivyo. Na pikapu ndiyo miguu ya viti. Bila pikapu, viti ni mzigo tu uliorundikwa uani, unaokaliwa na kuku.

Sasa shingo. Ilianza kukaza kidogo kidogo mpaka ikakataa kabisa. Mbele anaona, pembeni anaona kidogo, nyuma haoni kitu. Ukimsalimia ukiwa ubavuni, ilibidi ageuke mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Daktari alimwambia mifupa imeshikana na haitaachana. Mama Viti akamjibu kwamba ni heri hiyo, kuna ndoa zimeshindwa kufanya hivyo.

Kuendesha kwenda mbele hakukuwa na shida. Kurudi nyuma alimtegemea mdogo wake, Mamdogo, mwanamke mwenye viganja kama makasia, ambaye wamefanya kazi pamoja tangu viti vikiwa vyeupe. Mamdogo alisimama nyuma ya gari akipiga bodi. Kofi moja maana yake njoo. Makofi mawili, simama. Lugha yao ilikuwa na maneno hayo mawili tu, na haikuwahi kuwagombanisha.

Mpaka siku ya tangi.

Redio ya pikapu ilikuwa imebaki na spika moja, mlango wa dereva, yenye sauti ya mtu aliyeshinda msibani. Ili usikie neno ilibidi ufungue mpaka mwisho, na ukifungua mpaka mwisho husikii kingine. Siku hiyo Mama Viti alikuwa anarudi nyuma kuingia uani. Mamdogo akapiga makofi mawili. Redio ikameza la kwanza. Lililofika kwa dereva lilikuwa moja, na moja maana yake njoo. Basi akaja. Alikuja mpaka kwenye tangi la maji la Mkubwa, ambaye anakaa na mkewe na mtoto nyumba ya ubavuni, uani humohumo. Tangi likapasuka chini, kioo cha pembeni cha kushoto cha pikapu kikavunjika, na maji yakatoka kwa fujo yakabeba ndala za mjukuu mpaka barabarani. Mjukuu mwenyewe alikuwa ndani anakula. Lakini Mkubwa alizifuata zile ndala, akaziokota, akasimama nazo mkononi muda mrefu, na tangu hapo hakumtazama mama yake vizuri.

Ndiyo maana, kwa kutenda haki, tuseme hivi: Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na pia alikuwa na kreti za soda. Mambo hayo mawili yakiungana kichwani, mtu hawezi tena kujua lipi linaongea. Alikuwa ameshaitisha kikao cha Jumapili, akamwita Mjomba, kaka yake mama, aje awe mkubwa wa kikao. Mashtaka yalikuwa mawili: shingo na redio. Adhabu moja: funguo.

Mwanamke mwingine angelia. Mama Viti alinawa uso, akafunga kilemba chake cha kutokea, akapanda pikapu, akaenda kwa Fundi Redio.

Kibanda cha Fundi Redio kilikuwa cha mabati, na ukutani kulining'inia redio za magari zilizong'olewa, nyaya zikichungulia nyuma kama mizizi ya meno. Sakafu ilinata kwa vipande vya tepu. Fundi mwenyewe alijaribu kila spika kwa wimbo mmoja uleule, ambao majirani zake waliujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Mama Viti hakuzunguka. Alimwambia ameshtakiwa kwa shingo na kwa redio. "Shingo nitengenezee nyingine, ya nyuma. Na redio niwekee inayosikika bila kupiga kelele."

Fundi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akatoa bidhaa. Kulikuwa na redio yenye kioo kipana kama sahani, na kamera ndogo kama kifungo cha koti, inayokaa juu ya namba ya gari nyuma. Alimweleza kwamba waya wa kamera utapita chini ya bodi, utafungwa kwenye chesisi usining'inie, uingie ndani kwa dereva, na umeme utachukuliwa kwenye taa ya rivasi: ukiingiza gia ya kurudi nyuma, taa inawaka, kamera inafumbua jicho, picha inakuja kwenye kioo. Ukitoa gia, inalala.

Hapo Mama Viti akamkatisha. Hataki ilale. Anataka swichi, ili aifumbue saa yoyote, hata gari likiwa limesimama, hata likienda mbele.

"Mama, kamera ya nyuma ni ya kurudi nyuma," Fundi akasema, kwa upole wa kumfundisha.

"Walio nyuma yangu hawangoji niingize rivasi ndipo waanze kusema."

Fundi akaweka swichi. Aliificha chini ya usukani, upande wa goti, kwa heshima zote. Kisha akang'oa ile spika iliyochoka, akaweka mpya milango yote miwili, na nyuma ya kiti akasimamisha sanduku la besi. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi, maana, alisema, waya usio na fyuzi ni mlevi mwenye kiberiti. Mama Viti akaongeza ombi la mwisho: spika mbili za nje, zifungwe kwenye vyuma nyuma ya kibanda cha dereva, zitazame nyuma, pamoja na maiki ya mkononi. Harusi nyingi hupata viti zikakosa sauti. Mtu akikodi, apate vyote kwa safari moja.

Malipo walielewana. Fundi alikuwa na binti anayekaribia kuolewa, na harusi haikaliwi chini.

Kazi ilipoisha, Fundi alibonyeza wimbo wake. Besi ikaja taratibu, ikapanda kwenye uti wa mgongo wa Mama Viti kama mtu anayemkanda. Mwimbaji alikuwa akisema maneno, kumbe. Miaka yote alidhani ananung'unika. Na juu ya muziki huo wote alimsikia Fundi akikohoa nje ya mlango. Akazima, akawasha, akazima. Akamwambia Fundi kwamba mtu akikaa na spika mbovu mwisho hulaumu masikio yake.

Njiani kurudi alipita saluni, akasalimia kwa honi, akasimama mbele kidogo kana kwamba anatafuta kitu kwenye mkoba. Kisha goti likaenda kwenye swichi.

Kioo kikajaa mlango wa saluni. Wanawake walikuwa wametoka kibarazani. Katikati yao alikuwa mkwe wake, bado nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, akitembea mbele ya wenzake huku shingo imekakamaa kama ubao, akigeuka mwili mzima kumsalimia huyu na yule. Wenzake walikuwa wameshika mbavu. Jirani wa chumvi alikuwepo pia, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mama Viti alitazama mpaka mwisho, kama mtu aliyelipa kiingilio. Kuumia aliumia, tusidanganyane. Lakini pia aliona kwamba mkwe ana kipaji. Akaondoa gari polepole, na hakumwambia mtu, hata Mamdogo.

Jumapili uani palijaa. Kikao kilikuwa cha familia, lakini ukuta wa ua ule ulikuwa mfupi na mtaa ulikuwa na watu warefu. Wengine waliingia kabisa, wakasema wamekuja kusalimia. Wakakosa pa kukaa, wakaenda kuchukua viti kwenye rundo la Mama Viti mwenyewe. Hata Fundi Redio alikuja, eti anapita, amevaa shati la kupigiwa picha.

Mkubwa alisema maneno yake vizuri. Alisema mama amefanya kazi ya kutosha, apumzike, wao wapo. Alisema habari za ndala. Hapo Mama Viti alitazama chini, kwa kadiri shingo ilivyoruhusu. Kisha Mkubwa akasema badala ya kutubu ndiyo kwanza mama ameenda kuongeza redio, tena na spika za nje, kama kijana aliyepata leseni jana.

Mjomba alikuwa mzee mpenda mambo mafupi, kwa sababu ya njaa. Akamuuliza dada yake ana la kujibu. Mama Viti akasema jibu lake liko barabarani, lina matairi manne. Wampime. Kama akirudi nyuma kutoka barabarani mpaka uani bila kugusa kitu na bila kuelekezwa na mtu, asisikie tena habari za funguo maisha yake yote. Akigusa, hata kwa unywele, funguo hizi hapa.

Wakakubaliana. Mapipa mawili matupu yakawekwa langoni, moja kila upande, nafasi kati yake ikiizidi pikapu kwa kiasi cha haki. Mamdogo akaambiwa akae mbali na bodi, akaketi juu ya mikono yake ili isimsaliti. Mkubwa akataka na redio izimwe.

"Redio inabaki," Mama Viti akasema. "Mkinizimia redio mtakuwa mmempima mtu mwingine."

Akapanda. Akaisogeza pikapu, akalipita lango, akasimama mbele yake, mgongo wa gari ukitazama mapipa. Muziki ulikuwa mdogo, unasikika neno kwa neno. Akavuta breki ya mkono, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya kilemba. Watu walidhani anaomba dua. Wengine wakaanza kumhurumia.

Kumbe goti lilikuwa limeshaenda.

Kwenye kioo aliona lango lake, mapipa yake, miguu ya watu wake. Mjomba alikuwa anatafutiwa kiti kisichoyumba. Na kando ya pipa la kushoto, upande ule usio na kioo cha pembeni, alisimama Mkubwa, mikono nyuma kama askari mstaafu, macho yanatazama mawinguni. Goti lake halikutazama mawinguni. Lilikuwa limeegemea pipa. Pipa likasogea ndani kidogo. Mkubwa akakohoa. Goti likaegemea tena.

Mama Viti alivaa miwani yake. Moyo ulimpiga kofi moja, akasikia njoo. Mtoto huyu alimbeba mgongoni huku anapakia viti. Alimfundisha kutembea akishikilia viti hivyo hivyo, kimoja hadi kingine. Angeweza kuzima gari, akashuka, akamnong'oneza. Mama wengi wangefanya hivyo, na funguo zingeenda kwa heshima. Akapunguza muziki mpaka ukafa, akachukua maiki.

Sauti yake ikatoka spika za nje, tulivu, kubwa kama mvua ya mabati.

"Mwanangu Mkubwa. Goti linakuuma?"

Uani, kiti cha Mjomba kikayumba.

"Maana naona umeliegemeza kwenye pipa. Shusha macho huko juu, baba, hakuna ndege. Kaka, tazama chini, pipa limeacha alama ya duara mahali lilipokuwa."

Mjomba akatazama. Duara lilikuwepo kwenye vumbi, zuri, kamili, na pipa halikuwa juu yake. Watu wote wakatazama duara, kisha goti, kisha wakatazamana kutafuta nani ataanza.

"Na wewe mkwe wangu, usijifiche nyuma ya msusi. Siku ile pale saluni uliniigiza vizuri. Ila mimi hukaza bega la kulia, siyo la kushoto. Rekebisha."

Hapo kicheko kikapasuka kama lile tangi. Mkwe akajifunika uso kwa ncha ya khanga, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika, naye alikuwa anacheka, hata kama ni kwa aibu. Jirani wa chumvi alicheka kidogo tu, kisha akakumbuka yeye alikuwepo wapi siku ile, akaanza kutafuta njia ya kutokea.

Mkubwa hakucheka. Alitembea mpaka dirishani kwa dereva, jasho kwenye mdomo wa juu, akashika mlango.

"Mama, niliogopa."

"Uliogopa nitagonga?"

Akatikisa kichwa. Kisha akasema kweli, na kwa hilo mama yake alimpenda hata siku ile. "Niliogopa utapita. Ukipita leo hutaacha tena."

"Ndiyo maana napita."

Mjomba alikuwa amekwisha kuinuka, anatangaza kwamba shauri limeisha, aliyedanganya ameshindwa, na kama kuna chakula sasa ndiyo wakati wake. Vijana wakalifuata pipa walirudishe kwenye duara lake. Mama Viti akasema kwenye maiki waliache.

"Liacheni hapohapo alipolisogeza."

Mjomba akamwambia asitafute ugomvi na mapipa, ameshashinda. Akajibu kwamba ameshinda kwa macho, bado hajashinda kwa gari, na hataki kesho mtu aseme saluni kwamba funguo alibaki nazo kwa sababu ya goti la mwanawe. Mjomba akapima nafasi kwa viganja, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Ilibaki nafasi ya kupitisha mkono kila upande, mkono mwembamba.

Akarudisha muziki. Akaingiza rivasi. Mistari ya kijani na nyekundu ikatokea kwenye kioo juu ya lango lake, kama njia iliyochorwa na mtu aliyemwamini. Aliachia krachi kidogo kidogo. Pikapu ikarudi taratibu kama mtu mzima anayekaa kitako. Pipa la kushoto likakaribia ukingo wa picha, likakaribia tena, akasimama. Akanyoosha usukani kidogo. Mtu mmoja akasema sasa anagusa. Mwingine akamwambia anyamaze. Fundi Redio alikuwa ameshika kichwa, maana kamera ni yake.

Pipa la kushoto likateleza nje ya picha. Hakukuwa na mlio. La kulia likateleza. Hakukuwa na mlio.

Aliendelea kurudi, kupita ndala za mjukuu zilizoanikwa ukutani, kupita tangi jipya, mpaka rundo la viti likajaa kwenye kioo na mstari mwekundu ukagusa miguu ya kiti cha chini. Alikuwa anaona kabisa pa kusimama. Mguu ulikuwa tayari kwenye breki.

Mamdogo hakuweza. Mikono ilimtoroka. Akaruka kutoka kitini, akaifikia bodi, akapiga: makofi mawili.

Na safari hii yakafika yote mawili, moja na la pili, wazi kabisa, juu ya besi. Mama Viti akasimama hapohapo aliposikia, si pale alipoona. Akazima injini, akaacha redio.

Watu walimzunguka wakitaka kuona kioo, wakitaka kujiona ndani yake, wakipunga mikono nyuma ya gari huku wengine wakiangalia mbele. Mjukuu alipandishwa mapajani kwa bibi yake akamwona baba yake kupitia kioo cha mbele cha gari, amesimama peke yake langoni, analisukuma pipa kurudi kwenye duara kwa mikono, siyo kwa goti.

Alipomaliza alikuja dirishani tena. Alizunguka kwanza, akasema spika ni nzuri. Akasema kioo cha kushoto atakinunua yeye. Kisha akauliza kama Jumatano gari lina nafasi, ana kreti zake.

Mama Viti aligeuka mwili mzima kumtazama, polepole, kabati likihama.

"Jumatano asubuhi, nitaendesha mimi," akasema. "Uje na mikono ya kupakia. Na muziki nachagua mimi."

Akaongeza sauti.